Malalamiko Rasmi Dhidi ya Kompyuta Iliyowavuruga Ndege wa Kitanda cha Dada

Chumba cha Mashine (zamani stoo ya magodoro),
Nyuma ya jiko.

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Sebuleni.

Shangazi yangu mheshimiwa, shikamoo,

YAHUSU: KUONEWA KWANGU NA KOMPYUTA, FRIJI NA WATU WENGINE

Kabla sijaanza kulia, naomba ieleweke anayelia ni nani. Mimi ndiye fundi mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea katika ukoo huu, nikijumlisha na wale ambao hawajazaliwa. Nilizaliwa nimeshika bisibisi, mkunga akaanza kunitafutia skrubu. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa mambo ya kunifundisha, na wao wenyewe walilithibitisha hilo kwa maandishi, ingawa walitumia maneno mengine.

Kwa hiyo fikiria uchungu wangu jana, pale kikao kilipongoja nitumwe kuleta viti, kisha kikaamua haraka haraka kwamba ninyang'anywe mashine ya kuchonga, akabidhiwe binti yako, nami nirudi kwa Baba Mkubwa kupiga msasa mbao zake. Msasa, Shangazi! Niliingia na viti viwili kichwani nikakuta hatima yangu imeshafungwa kwa sala.

Nikukumbushe tulikotoka. Baba Mdogo alipotutumia ile mashine, ilikuja ndani ya maboksi: reli, mota, na kisanduku cha nyaya. Ni mashine inayochonga mbao yenyewe kwa amri ya kompyuta, wenye nayo wanaiita CNC. Ila ilikuja bila kompyuta, kama bwana harusi aliyefika na koti, tai na viatu, suruali kaisahau kwao. Nani aliyeifunga? Mimi. Nani aliyemwambia Mama, "Mwachieni mdogo wangu, ataweza"? Dada. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya maana ikawa ya Dada: ubao wa kichwani wa kitanda chake cha harusi, wenye ndege wawili wanaotazamana, na ua katikati yao.

Mliona wote kilichotokea. Ndege wa kwanza alitoka safi, ungemtupia mtama angeula. Ndege wa pili alitakiwa amtazame mwenzake usoni, badala yake akasogea, akasogea, mpaka mdomo wake ukaishia sehemu ya mwili wa mwenzake ambayo sitaitaja kwa kuwa naandika kwa shangazi. Mama mkwe mtarajiwa wa Dada alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Hawa wanafanya nini?" akauliza. Baba Mkubwa akakohoa, akaenda kuangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Tangu siku hiyo Dada hasemi na mimi. Akitaka chumvi anamwambia Mama amwambie yule nani asogeze chumvi, na yule nani ndiye mimi, nimekaa katikati yao. Harusi iko mlangoni. Ubao mzuri umebaki mmoja tu. Na ubao huo mnataka uchongwe na mtu mwingine, mimi nikiwa hai na mzima! Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nalalamika dhidi ya kompyuta ya Shemeji mtarajiwa. Shemeji ni mtu wa ofisini, anaamini kitu kikiwa chembamba na kipya ndicho chenye akili. Kwa kipimo hicho mimi ningekuwa profesa. Alitukopesha kompyuta yake ya mapajani kwa moyo mweupe, lakini haina lile tundu pana la printa za zamani ambalo kisanduku cha mashine yetu kinalitaka. Fundi simu wa pale kona akanipa waya wa kugeuza, upande mmoja USB, upande mwingine tundu pana. "Huu unafanya kazi na kila kitu, mdogo wangu," akaniambia, na kweli ulifanya kazi na kila kitu isipokuwa mashine. Mota inataka kuambiwa hatua, hatua, hatua, kwa mpigo mmoja kama gwaride. Ule waya unazikusanya hatua mfukoni halafu unazimwaga zote kwa pamoja. Na kompyuta yenyewe, ukikaa kidogo bila kuigusa, inaanza kubana nguvu ili kutunza betri, kisha inasinzia. Mimi nikisinzia kazini Baba Mkubwa hunimwagia maji. Kompyuta ikisinzia mnasema ndivyo ilivyotengenezwa. Mimi kwani nilitengenezwa vipi?

2. Nalalamika dhidi ya kompyuta ya pili, lile dubwana la mezani ambalo Baba Mkubwa alilitoa kwa wapiga chapa waliofunga duka. Hili nililichagua mwenyewe, tena kwa akili: lina tundu pana, halina betri ya kutunza, na ni zee, halina pa kukimbilia. Nikalipiga marufuku kusinzia. Nikalikatia na intaneti, maana siku ya kwanza lilisimama katikati ya bawa la ndege wa majaribio niliyekuwa namchonga kwenye mbao chakavu, likatangaza kwamba linajisasisha na tusilizime. Lakini lina kasoro ya tabia: haliwezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikiweka muziki humohumo, kidogo tu, ule wa kuchezesha bega, mota zinakwama na kunguruma. Shangazi, Mama anapika, anamsuka mtoto wa jirani, anaongea na simu na ananigombeza mimi, vyote pamoja, na sijawahi kuona sufuria ikihamia upande wa pili wa jiko. Sasa hapo mwenye kosa ni nani, mimi ninayependa muziki au kompyuta iliyokosa malezi? Muziki nimeuzima. Niandikiwe mahali kwamba niliuzima.

3. Nalalamika kwamba huruma yangu imegeuzwa kuwa kosa. Vumbi la mbao lilikuwa linaingia ndani ya dubwana, feni yake ikaanza kukohoa. Nikalionea huruma, nikalivalisha foronya. Likapata joto, likajizima. Binti yako akapita akasema, "Kaka, kompyuta inahitaji kupumua." Kwani foronya inamzuia nani kupumua? Mimi nalala nimejifunika foronya usoni kila siku na sijawahi kujizima. Anyway, nimelihamishia nyuma ya kibao kirefu nilichokisimamisha kuwa ukuta, vumbi likapungua, na hakuna aliyesema asante.

4. Nalalamika dhidi ya friji. Kila friji inapoanza kunguruma, mashine ilikuwa inashtuka kama mwizi aliyeitwa kwa jina. Binti yako (tena yeye) akasema eti nyaya nyembamba zinazopeleka amri kwenye mota nisizifunge fungu moja na waya mnene wa ile mota kubwa inayozungusha kisu, na kwamba waya wa ardhini haujafungwa popote, unaning'inia kama mkia. Nyaya nilizifunga pamoja kwa utepe mwekundu kwa ajili ya unadhifu. Siku hizi mtu nadhifu anaadhibiwa. Nikazitenganisha, nikafunga na ule mkia, mashine ikaacha kushtuka kabisa. Lakini ndege wa pili akaendelea kuhama vilevile. Kwa hiyo ni wazi kwamba friji imebadilisha mbinu.

5. Nalalamika dhidi ya mtaa. Baada ya kumaliza na friji nilifanya uchunguzi mpana. Nilizima pampu ya maji, ndege akahama. Nikamwomba kinyozi azime mashine zake, na mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, ndege akahama. Nikavuka barabara nikamwomba fundi wa kuchomelea apumzike, akaniuliza kama nimekula, ndege akahama. Mwisho nikaenda kwenye swichi kuu nikazima umeme wa nyumba nzima. Shangazi, ndege hakuhama hata unywele! Mashine ilitulia tuli. Kama huu si ushahidi wa kisayansi kwamba tatizo ni umeme, basi sayansi ifungwe.

6. Nalalamika dhidi ya binti yako moja kwa moja, na naomba usinikatize. Ni kweli anasoma chuo cha ufundi, na sina kinyongo. Tatizo lake ni kusimama mlangoni akitazama, halafu anasema, "Mh." Haongezi kitu. Mashine yoyote ikiambiwa "mh" inapoteza kujiamini. Juzi nilipokuwa natafuta kompyuta ya tatu, akaja na maneno yake: "Kaka, kwanza tuhakikishe kama ni kompyuta kweli. Nipe muda mfupi tu kama wa kunywa chai." Nikamwambia aende akainywe hiyo chai. Kumbe Dada alikuwa nyuma yake, amesikia yote. Akautazama ule ubao wa mwisho, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaondoka. Hilo nalo naliweka kwenye malalamiko, kwa sababu tangu hapo silali vizuri na hakuna kifaa ninachoweza kukilaumu.

Kutokana na hayo, naomba kikao kiamue upya hivi. Mashine ibaki mikononi mwangu. Kompyuta ya Shemeji irudishwe kwao ikalale inavyopenda. Nitafutiwe kompyuta ya tatu, isiyojua muziki, isiyoogopa vumbi, na yenye heshima. Friji ihamie kwako, Shangazi, pamoja na nyama iliyomo kama fidia ya usumbufu. Mtaa mzima uzimwe kila ninapochonga, na kama mtaa hautatosha, tuiandikie barua wilaya. Harusi isogezwe mbele mpaka upelelezi ukamilike. Ikishindikana kuisogeza, basi Shemeji aelekezwe kwamba ubao uliopo ni wa kisasa, na kwamba ndege wale ni waganga, mmoja anamchunguza mwenzake afya. Binti yako naye akae angalau vyumba viwili mbali nami, mdomo ukiwa umefungwa.

Naamini kwa busara zako utaona kwamba katika jambo hili kila kitu kimekosea isipokuwa mimi, na kwamba mtu akizungukwa na makosa mengi kiasi hiki bila kuchafuka, anastahili kupandishwa cheo.

Nisalimie Mjomba mume wako, mwambie dawa yake ya mgongo nimeiona, iko nyuma ya redio. Msalimie Bibi kwa sauti kubwa, ile ya kawaida haisikii. Wasalimie wajumbe wote wa kikao, hata walionyoosha mkono kunipinga, nawakumbuka mmoja mmoja. Dada msalimie wewe, maana salamu yangu haipokei.

Ni mimi, mtoto wenu ninayeteseka kwa niaba ya teknolojia,
Injinia
(jina nilijipa mwenyewe, ila limeanza kuzoeleka)

Nyongeza, iliyoandikwa baada ya sahihi:

Shangazi, barua hii nilimpa binti yako akuletee. Akaisoma palepale mbele yangu, yote, akicheka kwa kutumia pua. Alipofika kwenye ile ya sita akaacha kucheka. Akasema, "Nitaipeleka. Lakini kwanza chai yangu." Nikajua anamaanisha ule muda.

Akaenda kwa Dada, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha, na Dada mwenyewe akimfuata. Akainama chini ya meza, pale mota inapoungana na ule mtaimbo wenye nyuzi kama za skrubu, unaozunguka na kuvuta kisu kwenda na kurudi. Akachora mstari mwekundu mmoja, umepita juu ya mhimili wa mota ukaendelea juu ya kiungo kinachoushika mhimili huo na mtaimbo. Tukasubiri ukauke. Akaniambia niipeleke mashine mwisho wa reli na kuirudisha, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa kompyuta ileile ya wapiga chapa, friji ikinguruma, fundi wa ng'ambo akichomelea. Mota ilirudi nyumbani barabara kila mara, nusu yake ya mstari ilikuwa juu palepale. Nusu ya kwenye kiungo ilikuwa imeteleza ubavuni. Kompyuta ilikuwa inasema ukweli siku zote, na mota ilikuwa inatii. Kiungo ndicho kilichokuwa kinateleza, kwa sababu viskrubu vyake viwili havikuwa vimekazwa. Siku ya kuifunga mashine nilivikaza kwa vidole, na vidole vyangu nikavisifu.

Akasema vinakazwa kwa kifunguo kidogo cha pembe sita kilichokuja ndani ya boksi. Tukakitafuta watatu, kwenye pumba za mbao, ndani ya maboksi, chini ya dubwana. Mimi ndiye niliyetafuta kwa bidii kuliko wote. Kisha Dada akasema na mimi kwa mara ya kwanza tangu ubao uharibike. Alisema, "Hicho shingoni kwako ni nini?"

Nilikuwa nimekitia kwenye mkufu tangu siku maboksi yalipofunguliwa, ili watu wakikutana na mimi barabarani wajue mimi ni injinia. Sikuwahi kukivua hata mara moja.

Ndege wa majaribio sasa wanatazamana usoni, na ubao wa mwisho uko mezani. Barua isomwe kikaoni kama ilivyo, binti yako amekataa nifute hata mstari mmoja. Kifunguo nimemkabidhi yeye. Mkufu nimebaki nao.