Ombi la Kubomoa Ukuta Ili Nimfunge Binti Yangu Mpira wa Meza

Valeriu Cernat,
Jengo 9, ghorofa ya nne, nyumba 17,
Bârlad.
Jumatatu, 11 Novemba

Kwa Bwana Eftimie Gavril,
Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MTANDAO UNAOCHELEWA JUMAMOSI SAA KUMI NA MOJA JIONI

Nakusalimu kwa heshima, na pole kwa mgongo. Naandika badala ya kukugongea mlango kwa sababu nilipokueleza jambo hili ngazini ulicheka mpaka ukashikilia reli. Safari hii nataka ucheke ukiwa umeketi.

Kama unavyojua, nilikuwa mwongoza treni katika stesheni yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi ndiye niliyetangaza kwenye kipaza sauti kwamba treni ya Iași imechelewa dakika arobaini. Sikuwahi kumwonea abiria huruma hata siku moja. Leo nachelewa mimi, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde, na nalalamika kuliko wao wote.

Mambo yalianza pale binti yangu Ilinca, anayetunza wazee huko Castellón, Hispania, aliponitumia miwani ya uhalisia pepe. Ni dude kubwa kama kinyago cha mchomelea vyuma. Ukilivaa, sebule inatoweka, unajikuta mbele ya meza ya kuchezea, na upande wa pili yupo Ilinca: kichwa na mikono miwili, kiwiliwili hakuna. Alipokuwa mdogo tulicheza juu ya meza ya jikoni, vitabu vikiwa ndio wavu, nami nikimfunga kila siku. Tangu aondoke, miaka tisa sasa, simu yetu ni ile ile: umekula, nimekula, huko kuna baridi, kuna baridi. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi na moja naiheshimu kuliko ibada, padri anisamehe.

Tatizo ni kwamba nafungwa. Nimefungwa mechi ishirini na sita mfululizo. Mtu mwingine angesema nimezeeka. Mimi nimechunguza nikagundua kosa ni la jengo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu cha miwani kinasema kasi ya megabiti hamsini inatosha. Mimi ninazo mia tatu. Lakini kijitabu hicho hicho kinasema wingi si hoja. Hoja ni muda wa habari kwenda na kurudi. Ukizidi milisekunde hamsini, mchezo unaanza kugandaganda. Kwangu zinafika mia nne. Hili nalielewa kikazi: treni hata iwe na mabehewa mia tatu, ikichelewa imechelewa. Mpira ninaouona mimi unakuja, Ilinca ameshausahau.

2. Bi Veturia wa ghorofa ya tatu hupasha moto sarmale zake, zile kabichi zilizofungiwa nyama, kwenye maikrowevu saa kumi na moja kamili. Ruta yangu, kile kisanduku cha mtandao, inatumia masafa ya mawimbi yale yale ya jiko hilo, na likianza kunguruma, mpira wangu unasimama hewani. Namheshimu Bi Veturia. Mwezi uliopita alinisikia nikipiga kelele, "Rudi wewe! Rudi hapa!" akapanda kunigongea. Nikafungua nikiwa na kaptura, na miwani bado usoni.

"Valeriu, unapigana na nani humo ndani?"

"Nacheza na Ilinca."

"Ilinca si yuko Hispania?"

"Yuko hapo mezani, Bi Veturia. Ila hana mwili."

Uso wake sikuuona, lakini nilimsikia akirudi hatua moja nyuma. Kisha akasema kwa upole, "Kaa chini, jirani. Nakuletea supu." Akashuka kuipasha moto. Seti ya tatu ikapotea hivyo hivyo.

Naomba Umoja upitishe kwamba kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, jengo zima lile chakula baridi.

3. Kuna masafa mengine ya kasi zaidi, lakini hayapendi kupita kwenye zege, na ruta yangu iko koridoni, nyuma ya ukuta. Naomba kibali cha kuubomoa. Nimeambiwa ndio uliobeba ghorofa nne zilizo juu yangu. Sikatai. Wakazi wa huko juu wanaweza kutoka matembezini kwa hiyo saa moja.

4. Taa ya sebuleni, kioo cha kabati na vyungu viwili vya maua vimevunjwa na mtandao. Mpira ukichelewa, mchezaji hulazimika kurusha mkono kwa hasira. Friji nililipiga kofi la mgongo wa mkono, likabonyea. Sidai fidia. Nataka tu iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba haukuwa uzembe wangu.

5. Umbali. Fundi wa mtandao alinieleza kwenye simu kuwa hata kila kitu kikinyooka, Hispania ni mbali, na hata mwanga unaobeba habari una mwendo wake. Nikamuuliza suala hilo linashughulikiwa na nani. Akasema hakuna. Kwa kuwa katika mkutano wa Machi ulitamka mwenyewe kwamba tatizo la mkazi mmoja ni tatizo la jengo zima, naomba uliweke kwenye ajenda.

Najua utauliza: mbona Ilinca, anayecheza kwenye kuchelewa huko huko, hakosi mpira? Swali hilo nimejiuliza pia. Naomba lisiulizwe mkutanoni.

Msalimie mkeo, Bi Smaranda, na wasalimie wa ghorofa zote. Mwambie Bi Veturia bakuli lake nimeliosha.

Wako ninayepanda ngazi zile zile,
Valeriu Cernat

Tanbihi (Jumapili): Barua hii ilikaa mezani wiki nzima, na Alhamisi fundi akaja. Alipitisha waya mrefu juu ya mlango, akaihamishia ruta sebuleni, kazi ya robo saa. Jana mtandao ulikwenda kama maji. Ilinca alinifunga 11–2, 11–1, 11–0, kwa dakika kumi na nne. Kisha akasema, "Baba, leo umechoka. Pumzika, tutaonana wiki ijayo." Akavua miwani yake akaenda. Nikabaki nimesimama peke yangu mbele ya meza.

Kuna jambo sikuliandika huko juu. Picha ilipokuwa ikiganda, sauti iliendelea kupita. Tulisimama hivyo, kila mtu kainua mkono wake, tukiungojea mpira, na kwa kuwa hapakuwa na cha kufanya, mtoto alizungumza. Ndivyo nilivyojua kwamba bibi anayetunzwa naye humwita kwa jina la bintiye aliyekufa. Ndivyo nilivyojua kwamba yeye na mwenzi wake Julián wameachana. Wiki tatu zilizopita, mpira ukiwa umening'inia juu ya wavu, aliniuliza, "Baba, kile chumba changu bado kipo?" Nikamwambia kipo. Picha ikarudi, akapiga, nikakosa, na mazungumzo hatukuyamaliza.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote matano. Nimempigia fundi aje airudishe ruta koridoni. Amenijibu, "Mzee, mimi huitwa kutengeneza. Kuharibu huwa kunatokea kwenyewe." Lakini nikipata idhini yako kwa maandishi, atakuja Ijumaa. Tafadhali, Eftimie, iandike leo.