Hedifoni Mliyoipa Nyota Tano Haimzuii Shangazi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na masikio yako. Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: hedifoni zangu huwa hazichezi muziki wowote. Nazivaa kimyakimya ili watu wasinisemeshe nikisoma. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari mwenye haya nyingi, na mtu akiniuliza "habari" tu, napoteza mstari niliofikia.

Katika toleo lililopita mlilinganisha hedifoni tatu zisizo na waya kwa ubora wa sauti na thamani ya pesa. Nilinunua mshindi kwa akiba yangu yote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmesifu besi, mkasema ni nzito kama ngurumo ya mbali. Kwa mtu kama mimi sauti bora ni ile isiyokuwepo, na hiyo hamkuipima.

2. Mliandika kwamba mshindi hufuta kelele. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Naishi na shangazi yangu, fundi cherehani, na mashine yake iko sebuleni karibu na kiti changu. Hedifoni imefuta cherehani, feni na jenereta la jirani. Shangazi haikumfuta. Imemfagilia njia! Siku zote amekuwa akijisemea chini ya mngurumo wa mashine nami siambulii neno. Sasa namsikia hata anapomeza mate.

3. Ile iliyoshika mkia niliazima kwa mwenzangu ninayekaa naye dawati moja. Haifuti chochote, kwa hiyo Shangazi alizama kwenye kelele kama zamani. Basi ya bei rahisi ndiyo bora, na jedwali lenu limesimama kichwa chini miguu juu.

4. Chaji hudumu kutwa. Shangazi pia. Hapa nakubali ni sare.

5. Nimelazimika kufuatilia kisa kisichonihusu, cha fundi paa aliyekuja kumposa Shangazi ujanani, akaona paa la ukweni linavuja, akapanda kuliziba kabla hajajibiwa. Wiki nzima niko ukurasa uleule wa kitabu changu. Tena uzi ukikatika mashine husimama, Shangazi naye hunyamaza, na akianza upya ameshasonga mbele. Hedifoni ya bei ile ingepaswa kujaza mapengo.

6. Juzi alisema, akidhani sisikii: "Ningemsimulia huyu mtoto, lakini masikio ameyatia kufuli. Haya mashine, sikiliza wewe." Ndugu Mhariri, hakuna popote mlipoonya kwamba mnunuzi anaweza kusikia jambo kama hilo.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha, na majedwali yajayo yawe na safu ya Shangazi. Niko tayari kuwaazima wangu, mradi arudi kabla ya chakula cha jioni. Mchukueni na mashine yake; bila hiyo hasemi.

Nisalimie wote ofisini, hasa aliyepima besi.

Wako katika kutafuta utulivu,
Msomaji wa kiti cha kona

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha uzi ulipokatika, fundi paa wa kisa kile akiwa bado juu na Babu, baba yake Shangazi, ameshaondoa ngazi. Nikavua hedifoni nikauliza, "Ikawaje, Shangazi?" Akanitazama juu ya miwani. "Kumbe na wewe una masikio! Hebu nitungie uzi kwanza." Fedha msirudishe. Nilitunga uzi, nikavuta kiti changu mpaka kando ya mashine, nikakaa.