Betri ya Pikipiki na Usaili wa Dada

Jumatatu, 9 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye nguzo. Umeme utakatwa wiki nzima, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wanabadilisha nyaya. Mtaa mzima umenuna. Mimi? Nimefurahi! Hatimaye mtaa unahitaji akili.

Shida ni moja. Dada ana usaili Alhamisi saa nne asubuhi, kwa video. Kazi ya kuhudumia wateja kwa simu ukiwa nyumbani kwako, mradi una intaneti ya faiba. Ameomba kazi mwaka mzima. Barua za kukataliwa anaziweka kwenye boksi la viatu, na boksi limejaa. Kompyuta yake inakaa na chaji vizuri. Faiba ndiyo itakayokufa umeme ukienda. Na mtandao wa simu hapa kwetu unatosha kusema halo tu. Video inaganda mtu akiwa amefumba jicho moja.

Dada alisema atakwenda kwa shangazi, ambako umeme haukatwi. Nikamwambia asituaibishe. Nyumba yenye mtu kama mimi haiendi kuomba umeme. Nimesomea mambo haya! Mihula miwili. Wa pili sikuumaliza, nilitofautiana na mwalimu kuhusu chanzo cha moto.

Mama akauliza pasi yake nitamrudishia lini. Hilo halihusiani.

Dada akanitazama, akanitazama. Mwisho akasema haya, mdogo wangu, nakuamini. Nikahisi ubaridi mgongoni. Ni dirisha, lilikuwa wazi.

Jumanne, 10 Machi

Mpango wa kwanza: betri za tochi. Ruta inataka volti kumi na mbili. Betri moja ni volti moja na nusu. Nane zinatosha! Hesabu hiyo nimeipiga kichwani, bila karatasi. Nimekusanya mbili za rimoti, mbili za tochi, tatu za redio ya Mama, moja ya saa ya ukutani. Hazilingani unene, nikazibananisha kwa gazeti ndani ya bomba la maji, nikaacha zigusane kichwa kwa mkia, nikafunga tepu.

Saa tatu, umeme ukaenda. Nikaunganisha. Ruta ikawaka! Taa za kijani! Nikacheza sebule nzima. Intaneti? Hakuna. Nikawapigia kampuni ya faiba nikawapa vidonge vyao, dakika nane. Binti aliyepokea simu alinivumilia hadi nikamwonea huruma.

Ndipo akaingia binamu yangu, anaishi nasi. Tunamwita Kipimo, maana ana kidude cha kupimia umeme na hakiachi hata akienda kuoga. Akaonyesha kiboksi cheupe ukutani, pale waya wa faiba unapoingilia. Akasema na hicho kinakula umeme wake, injinia. Hilo neno "injinia" alilitamka kwa namna.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nafanya kwa awamu.

Dakika ya tisa ruta ikazima. Na Mama amechelewa mkutano wa kikundi chake kwa sababu saa ya ukutani imesimama. Sijui kwa nini ananiangalia mimi.

Jumatano, 11 Machi

Betri za tochi ni mambo ya watoto. Mpangaji wetu wa chumba cha uani ni fundi faiba wa kampuni ileile. Wiki hii yuko zamu ya dharura: anakaa nyumbani, ofisi wakimhitaji wanampigia. Pikipiki yake imeegeshwa uani. Ina betri ya volti kumi na mbili kamili! Imekaa tu chini ya kiti, haina kazi!

Kipimo akasema nimwombe mwenyewe. Nimwombe! Ukimwomba mtu unampa nafasi ya kukataa. Nitaiazima kesho asubuhi akiwa bafuni.

Nimekata chaja mbili, ya ruta na ya kiboksi, nikamenya nyaya kabisa. Saa tisa umeme ukarudi, intaneti haikurudi. Chaja si ndizo hizo nimezikata? Dada akauliza, kwa sauti ndogo, sasa tukitaka kurudi nyuma tunarudije. Haturudi nyuma! Kipimo ametia alama nyekundu upande wa chanya bila kuombwa. Anapenda sifa huyo.

Jioni nikafanya unadhifu. Nimehamishia kiboksi karibu na meza ya Dada. Waya wa faiba ukabaki mrefu, unatambaa sakafuni kama hauna kwao. Nikaukunja, nikaupiga mafundo mawili ya kubana. Umependeza kama kamba ya kiatu kipya.

Alhamisi, 12 Machi

Mkono unauma lakini lazima niandike.

Betri nimeipata bila tatizo. Fundi alikuwa anaimba bafuni. Saa tatu umeme ukakatika. Nikaunganisha. Ruta kijani! Kiboksi kijani! Halafu taa moja nyekundu. Inakonyeza. Intaneti hakuna.

Kipimo akayaona mafundo yangu, akakaa chini polepole kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Akasema ndani ya ule waya hamna shaba, mna kioo. Kioo! Mtu anatengeneza waya wa kioo, ukivunjika naulizwa mimi!

Dada alishavaa blauzi ya usaili, chini ndala. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akachukua simu yangu, maana namba yangu ndiyo tuliyojisajili nayo, akawapigia kampuni. Wakasema fundi wa zamu anatumwa sasa hivi. Kule uani, simu ikalia.

Nikatoka mbio nikiwa na simu yangu mfukoni. Fundi alishavaa begi, anabonyeza starta. Kimya. Akasema, "Dogo, kuna mteja wa haraka mtaa huuhuu, ofisi wamenipa namba ya simu tu. Hebu nisukume."

Fikiria hali yangu. Nikisema mteja ni sisi, ataingia aione betri. Nisiposema, Dada anakosa kazi. Nikafanya uamuzi wa kiume. Nikasukuma.

Tumeisukuma hadi kona. Yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma, jasho linanitoka, na kila hatua inampeleka mbali na nyumba anayoitafuta. Pikipiki ikagoma katakata. Akatoa simu, akasema ngoja ampigie mteja amwombe radhi.

Mfuko wangu ukalia.

Nikachutama nyuma ya tairi, nikabana pua, nikasema mteja amesafiri. Fundi akageuza shingo. Halafu akasema taratibu, "Mteja, mbona nakusikia kwa masikio yote mawili?"

Saa nne kasoro robo tulikuwa ndani, mimi nimeshikwa shati. Akakata mafundo, akaunga waya, akafunga kichwa kipya. Kazi safi, nakiri, ingawa aliyeshika tochi ni mimi. Taa nyekundu ikazima. Saa nne kamili nyuso tatu zikatokea kwenye kompyuta. Na hapohapo macho ya fundi yakashuka chini ya meza, yakakutana na betri yenye tone la rangi ya bluu alilolitia kwa mkono wake.

Alilipuka! Anataka betri yake sasa hivi, dakika hii, hajali usaili wa nani! Akainama kuchomoa nyaya. Dada hakupandisha sauti. Akageuka, akamwambia kaka, nakusikia, una haki ya kukasirika, betri ni yako na kosa ni letu. Akamwomba dakika ishirini, kisha mdogo wake atairudisha kwa mkono wake na kumsukuma hadi ofisini. Akamwuliza kama hilo linamfaa.

Fundi alibaki ameinama, vidole kwenye waya. Akasema, "Ishirini, dada. Si ishirini na moja." Akaketi sakafuni, akakodolea macho saa ya ukutani. Imesimama tangu Jumanne. Hakuna aliyemwambia.

Kwenye kompyuta wote watatu walikuwa wamesogelea kamera. Walikuwa wamesikia kila neno. Yule mama wa katikati akakohoa. Akasema swali la kwanza lilikuwa jinsi ya kumtuliza mteja mwenye hasira, basi waliruke.

Ijumaa, 13 Machi

Dada kapata kazi! Anaanza Jumatatu. Mama amelia, na boksi la viatu limerudishiwa viatu. Mtihani wa vitendo niliuandaa mimi, mteja halisi, hasira halisi, na hakuna aliyesema asante. Kipimo anasema nimeponea chupuchupu. Wivu.

Nimemsukuma fundi hadi ofisini. Betri ilikuwa imerudi mahali pake na pikipiki inawaka vizuri tu. Akasema ahadi ni ahadi, akapanda juu.

Tangazo jipya kwenye nguzo: umeme utakatwa wiki ijayo pia. Fundi ameunga chaja zetu, na atamwazima Dada betri yake ya akiba. Moja! Maisha ya Dada yategemee betri moja?

Mbele ya geti letu limeegeshwa gari la watu wa umeme, lile linaloinua kapu. Betri yake kubwa kama sanduku la nguo. Mafundi wote wako juu kwenye kapu, na bila gari kuwaka hawawezi kushuka kunikimbiza. Nimefikiria kila kitu. Bisibisi Mama ameificha, lakini kijiko cha chai kinatosha.