Madume Wanne wa Sikiliza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Lodio, wewe ni mzee au ni gunia? Nilikuambia upake gundi pande zote nne za kabati. Umepaka tatu, ya nne ukaiacha ukaenda kunywa chai! Sasa maji yako sebuleni, zulia linaelea, na wewe, mume wangu, umesimama katikati ukiuliza kama mvua imenyesha. Isiolo! Mwezi wa tisa! Mvua!

Kabati ni lile la vioo nililouzia mandazi kabla magoti hayajanigomea. Nataka kuweka samaki ndani. Samaki wa kutazama, si wa kula. Nimemwambia Lodio mara tatu. Bado ameuliza tutawakaanga lini.

Sababu ni Halimo, jirani yangu. Kikundi chetu cha akina mama kimekutana kwake miaka sita, ati kwa sababu ana mapazia mazito na magodoro ya kukalia. Jumamosi tarehe 27 tutakagua nyumba yake na yangu, kisha mwenyekiti wetu Mama Kaburu atapigisha kura: mwaka ujao tukutane kwa nani. Nataka wakutane kwangu. Lorna wangu ameolewa Nakuru, Ekidor yuko Lodwar. Humu ndani kinachoongea ni saa ya ukutani na tumbo la Lodio. Nataka wanawake wajae kwenye viti vyangu wapige kelele. Basi.

Jumatano, 10 Septemba

Gedi amenipigia simu. Huyu Gedi huendesha lori la mizigo kutoka Nairobi, na huko ana rafiki anayefuga samaki wa vioo. Amesema ataniletea wa rangi, asili yao ziwa la Malawi, wanaitwa sikilidi. Nikamwambia nasikiliza, taja jina. Akasema sikilidi. Nikasema wewe kijana, nimesikiliza mpaka sikio limechoka, sasa taja jina! Akakata. Akapiga tena, akalitaja polepole kama anafundisha mtoto.

Sasa nimeelewa. Wanaitwa Sikiliza. Jina zuri. Hilo jina angepewa Lodio.

Kabati halivuji tena. Gundi nimepaka mwenyewe. Mchanga nimeosha karai saba. Mawe amebeba Lodio, na kila jiwe alilibeba kama anapeleka maiti.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamefika! Sita, ndani ya ndoo. Wawili ni buluu kama sweta ya shule. Mmoja njano kama mtungi wa plastiki wa maji. Mmoja ana tumbo jekundu, anaringa kama askofu. Wawili wa mwisho ni kijivu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nimemuuliza Gedi kama hao wawili amewaokota njiani.

Kisha akaniambia neno baya. Hawa hawataki maji matamu. Wanataka maji magumu, yale ya kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria ya chai.

Maji hayo huku kwetu yako mahali pamoja tu, kwenye kisima cha Halimo. Na mimi ndiye nimesema miaka yote kwamba chai ya Halimo ina ladha ya hori la mbuzi. Nilisema harusini. Nilisema na kipaza sauti.

Nimeenda. Halimo ameniacha mlangoni nisimame vizuri. Ati, Mama Lorna, si haya ni maji ya mbuzi? Nikamjibu kwamba wanaoyataka ni samaki, mimi bado siyataki. Amecheka mpaka mtandio ukaanguka. Akasema kwao samaki ni nyoka aliyekosa kazi, lakini maji ni ya Mungu, chota. Nimechota madebe kumi na mawili. Kila debe amelisindikiza kwa macho na tabasamu.

Jumapili, 14 Septemba

Wale wa kijivu wananiharibia sebule. Ni kama kuanika fulana kuukuu mbele ya wageni. Tena mmoja hali kitu. Shavu limevimba kama ana jino bovu. Lodio ameshauri tumwekee karafuu. Daktari Lodio!

Nikapata wazo. Baada ya kanisa nimewabeba hao wawili mpaka kwa Halimo, nikasema ni shukrani ya maji. Kwa nje ni zawadi. Kwa ndani nimemwaga takataka zangu kwake, na ameshukuru! Amewatia kwenye karai kubwa uani, akawa anawaangalia kwa mbali kama watamrukia.

Nimerudi nikiimba. Kabatini wamebaki wanne, rangi tupu. Akili ni nywele na mimi nywele ninazo, Lodio ana upara.

Jumanne, 16 Septemba

Vita! Buluu anamfukuza buluu. Njano ameteka mawe yote, hakuna wa kupita. Tumbo jekundu amejificha kwenye kona, uaskofu umeisha.

Nimempigia Gedi. Ameuliza majike wako wapi. Nikamuuliza majike gani. Akasema wale wa kijivu, mama, wenye rangi ni madume.

Mimi Nakuam! Mimi niliyechunga mbuzi tangu nikiwa na meno ya utoto! Mimi ambaye sokoni namkagua mbuzi chini ya mkia kabla ya kumsalimia mwenye mbuzi! Nimefungia madume wanne zizi moja, majike nikawagawa bure.

Kurudi kumwomba Halimo? Bora nimeze debe. Lodio sijamwambia. Atacheka mpaka Krismasi.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa nne asubuhi stima imepotea. Mashine ya kutoa mapovu ikanyamaza. Gedi alikuwa amenionya kwamba bila mapovu samaki wanakosa pumzi. Nikamwita Lodio na pampu ya baiskeli. Amepiga pampu mpaka saa nane. Amelalamika kwamba amekuwa bawabu miaka thelathini na hakuna tajiri aliyewahi kumtuma apumue kwa niaba ya samaki. Nimemwambia apunguze maneno, anapoteza upepo.

Nilitoka kidogo kununua unga. Kurudi, tumbo jekundu hayuko. Lodio ameapa kwamba aliruka mwenyewe, akamkuta sakafuni ameshakufa. Nikamuuliza: na limau hii iliyokatwa, nayo iliruka? Na mafuta kwenye kidevu? Ameangalia dirishani. Baadaye amesema kwa upole kwamba ladha ni ya tilapia kabisa, ila miiba mingi.

Wamebaki watatu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda kwa Halimo kuchota maji ya kubadilisha. Nikapita karibu na karai. Yule mwenye jino bovu akafungua mdomo.

Wakatoka watoto!

Watoto, wengi, wadogo kama mbegu za nyanya, wakitoka mdomoni kama wanafunzi saa ya mapumziko. Nikapunga leso kwa mshangao. Wote wakageuka, wakakimbilia mdomoni kwa mama yao, akafunga! Shavu likavimba tena. Kumbe halikuwa jino. Kumbe alikuwa anajinyima chakula asije akameza wanawe, na mimi nikamwita takataka.

Na Halimo! Huyu wa nyoka aliyekosa kazi! Amechuchumaa hapo, anawapa makombo ya mkate wa anjera kwa vidole viwili, anawaongelesha Kisomali. Ameniambia, walahi Mama Lorna, hii zawadi yako sitaisahau mpaka kaburini.

Kura ni keshokutwa. Nimefikiri haraka. Nimemwambia watoto wa Sikiliza huangamia wakitazamwa na macho mengi, kwa hiyo Jumamosi afunike karai kwa shuka na asimwambie mtu. Halimo anaogopa jicho la watu kuliko simba. Ameahidi. Mimi na nywele zangu!

Jumamosi, 27 Septemba

Walianza kwangu. Wote wakaja! Viti vikajaa, wengine wakakaa kwenye ndoo. Chai ya maji matamu, mandazi moto. Kelele ikazima hata ile saa ya ukutani. Moyo wangu ulikuwa mahali pake.

Halafu wakageukia kabati. Buluu mmoja amelala ubavu, mkia hana. Mwingine yuko nyuma ya jiwe, hataki kutoka. Njano anagonga kioo akitaka kupigana na Mama Kaburu. Mama Kaburu ameuliza kama hili ni pambo la nyumba au ni baa mwisho wa mwezi. Nikajibu kwamba wanacheza. Ameuliza kwa nini ni watatu na nilitangaza wanne. Hapo Lodio, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaeleza habari ya limau. Na mafuta. Na miiba.

Tukaenda kwa Halimo. Shuka iko juu ya karai. Wanawake wakauliza kuna nini. Halimo akasema walahi hakuna kitu, Mama Lorna amenikataza kufunua.

Laiti angesema kuna nyoka. Waliposikia nimekataza, shuka ilitoka kama imeshika moto.

Jike akafungua mdomo, watoto wakatoka. Mama Kaburu akapiga magoti na nguo yake ya kanisa. Mtu akapiga chafya, watoto wakarudi mdomoni, wanawake wakapiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ati huyu ndiye mama! Ati huyu ni mfano kwetu! Kura ikapigwa hapo hapo uani. Wanaotaka kwa Halimo, mikono juu. Mikono kumi na miwili.

Kikundi kina wanawake kumi na wawili. Mkono wangu nao ulikuwa juu. Nilikuwa naonyesha yule mtoto wa mwisho aliyechelewa kuingia, nikipiga kelele wamngoje. Mama Kaburu akauhesabu, akakataa kuupunguza.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeshajua kosa liko wapi. Si langu. Kosa ni la mdomo. Mdomo mdogo, watoto ishirini. Mdomo mkubwa, watoto mia mbili. Sasa samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko wote ni nani? Mbuta, yule sangara wa ziwani! Mdomo wa kuingia sufuria na kifuniko chake!

Nimempigia Gedi, nataka mbuta jike, mzima, kabla ya kikao kijacho. Gedi amepiga kelele kwamba mbuta anakula samaki wenzake, mama, anawamaliza. Nikamwambia huko anakula kwa sababu ya njaa. Kwangu atapewa chapati. Gedi amekata simu. Nadhani ameridhika.

Halimo naye amekuja na ndoo. Amegawa familia: watoto kumi ni wangu, bure, ati nisikae na huzuni, na mlango wake uko wazi siku zote, si ya kikao peke yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzuri. Nimepokea. Nitawaweka pamoja na mbuta siku ya kwanza, ili azoee kuwabeba mdomoni.

Lodio! Acha kutikisa kichwa. Inuka, toa kitanda nje, viringisha lile tangi la maji lililoko uani, nyumba ya mbuta, uliingize chumbani kabla lori la Gedi halijafika. Na gundi, safari hii, pande zote!