Kisogo Ndicho Kinachoona

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya mpaka saa kumi. Wanjala, kinyozi wa ng'ambo ya barabara hapa Shieywe, amenunua mashine ya kupasha taulo. Wateja wangu wanavuka kwake. Wanaona aibu, lakini wanavuka. Nimeshinda kwenye kiti changu nikijinyoa ndevu ambazo hazipo.

Saa kumi akaingia Michelle, anayesomea uuguzi, kupunguza nywele. Alikuwa na kitabu chenye picha ya ubongo. Akaniambia macho yanapokea mwanga tu. Habari inasafiri mpaka nyuma kabisa ya ubongo, hapa kisogoni, na hapo ndipo rangi, umbo na mwendo hutambuliwa. Sehemu hiyo inaitwa oksipitali. Nikazima mashine ya kunyolea. Miaka yote hii nashika visogo vya watu nikidhani ni nywele tu!

Wanjala na taulo zake amekwisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetundika ubao: MASAJI YA KISOGO, UONE VIZURI. Michelle alipita, akausoma, akasema ubongo umekingwa na fuvu na vidole vyangu havifiki huko. Nikamwambia hata uji hauteremki mpaka miguuni, na bado ukiunywa unatembea. Akaenda zake darasani. Wasomi wakishindwa hukimbilia vitabu.

Mteja wa kwanza: Mzee Kimutai wa Lumakanda, aliyekuja kumtembelea binti yake. Miwani yake ni mizito sana. Nilimsugua kisogo kwa mafuta ya avokado mpaka akasinzia. Alipoamka alisema anasikia kichwa chepesi. Akaitia miwani mfukoni, akatoka akitembea kama kijana. Ushindi.

Jumatano, 10 Septemba

Si ushindi. Mzee Kimutai alirudi kunishukuru, bila miwani, akaingia kwa Wanjala. Akamshukuru Wanjala. Akanyolewa na Wanjala. Nilimpungia mkono kutoka mlangoni, naye akanipungia kwa adabu, jinsi unavyompungia mtu usiyemjua. Nasikia Wanjala alimsihi avae miwani yake. Wivu mtupu.

Dawa ni kuongeza mafuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Mafuta yalimwagika. Nikayakanyaga, nikaanguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa sinki. Niliona nyota safi kabisa, zenye rangi, kwa hiyo kisogo changu kiko sawa. Nikapangusa sakafu, nikafunga duka mapema.

Jioni Ayuma aliniwekea obusuma, ugali wetu, na mboga, bila kuku. Mke wangu wa siku zote! Nilikula kwa hasira. Akauliza kwa nini sigusi kuku. Nikauliza kuku gani. Akaizungusha sahani, na paja likatokea upande wa kulia. "George, siku hizi unakulanga nusu sahani?" Sijui anajifunzia wapi mazingaombwe haya.

Ijumaa, 12 Septemba

Alikuja mwalimu Kiprono. Kesho anapeleka mahari kwa wakwe, alitaka apendeze. Nilimnyoa kwa utulivu mkubwa. Sijawahi kumaliza kichwa haraka hivyo. Nikashika kioo kidogo nyuma yake ajitazame. Akapiga ukelele. Alisema upande wa kushoto haujaguswa. Nilitazama, sikuuona upande huo. Nikageuza shingo, ndipo nikaukuta una nywele zake zote.

Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Ni vilevile. Kushoto hakuna kitu. Si giza, hakuna tu. Nikauweka wembe mezani, nikaita msaada. Kinyozi asiyeona ni mtu hatari mwenye wembe.

Wanjala alivuka barabara mbio, akaita boda, akanishikilia njia nzima mpaka hospitalini. Lakini kabla hatujaondoka alimwambia mwalimu amsubiri kwenye kiti chake. Nimeibiwa nusu mteja nikiwa mgonjwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimelazwa. Naandika kwa kubahatisha. Daktari Cherotich anasema macho yangu ni mazima, na picha ya kichwa haionyeshi damu iliyovuja. Kisogo cha kulia ndicho husoma mambo ya kushoto, kwa macho yote mawili, na mimi nimekitikisa. Huenda kikatulia. Nikauliza, na kisipotulia? Akasema tusubiri.

Nikageukia ukutani nikalia. Niliwaza kwamba nitamwona Ayuma nusu mpaka nizeeke. Niliogopa sana.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeamka nikaona dirisha. Dirisha liko kushoto! Kisha nikaona pazia, kisha kiti, na kitini Wanjala, amesinzia na chupa ya uji mapajani. Muuguzi anasema amekuwa hapo tangu jana jioni, upande ambao sikuwa nao. Sijawahi kufurahi hivyo kuiona sura ile. Nikamshika mkono, akaamka, akafikiri nakufa.

Ayuma alipofika nilimtazama mzima, masikio yote mawili, mpaka akauliza kama ana masizi usoni. Nikacheka, nikalia tena. Asante Mungu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeruhusiwa. Daktari Cherotich ameniambia ninyoe nywele tu na nisiuzie watu tiba ya ubongo tena. Nilikubali kwa moyo wote. Ubao ule nimeushusha kwa mikono yangu.

Kabla sijatoka hospitalini nilimwuliza daktari, kwa adabu tu, sehemu ya mbele ya ubongo hufanya nini. Akasema hupanga mambo, hupima hatari na humzuia mtu kufanya ujinga. Alinitazama sana aliposema hivyo.

Mtihani wa kidato cha nne unakaribia na wazazi wana wasiwasi. Ubao mpya umeshakauka rangi: MASAJI YA PAJI LA USO, AKILI TELE. Nilimwomba Wanjala awe mshirika, akakataa. Ayuma amekataa hata kuusikiliza mpango. Watu wawili wazima kukataa jambo zuri hivi, ni wazi kasoro iko kwenye mapaji yao. Kesho naanza na wao, bure.