Kiti cha Mlangoni na Magoti Yangu Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Mzee wa mlangoni kastaafu. Kiti chake kiko wazi. Kiti chenye mto! Kazi yenyewe ni kukagua hati za vigae vinavyotoka ghalani, na mkaguzi hukaa kutwa. Msimamizi kasema atakipata mchukuzi mwenye matatizo ya kiafya. Miaka kumi na moja nabeba maboksi, hata mafua sijapata. Mkosi gani huu? Mpinzani ni mmoja tu, Mjuaji, anayelalamikia mgongo tangu siku aliyoajiriwa.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe tunaishi naye, na magoti yake yamesagika kweli. Asubuhi nimemsoma anavyoinuka: mkono kwenye meza, mguno, pumzi, hatua. Kaniuliza kwa nini namkodolea macho. Nikasema namwonea huruma. Hakuamini, lakini chai alinimiminia.

Jumatano, 5 Machi
Nimechechemea kutwa. Asubuhi mguu wa kushoto. Baada ya chakula, kumbe, wa kulia. Mjuaji kauliza mbele ya watu kama ugonjwa nao una zamu. Nikajibu umeshika magoti yote mawili. Msimamizi kaniandikia barua ya hospitali.

Alhamisi, 6 Machi
Nilitegemea eksirei, inayoonyesha mifupa tu. Mengine ningeyamalizia kwa kugumia. Kumbe wana mashine mpya ya sumaku. Dada mpiga picha kanieleza kwa fahari kwamba inaona mpaka gegedu, ule utando laini kati ya mifupa, na inagundua goti linalosagika hata kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Kaniambia nisitikisike. Nilitetemeka, akarudia mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaniwekea goti la kushoto kwenye skrini. Zima kabisa. Nikaanza kutunga uongo mwingine. Mara akaleta la kulia: gegedu limeanza kulika. Nikampa mkono kwa furaha. Naumwa kweli!
Kisha nikaukumbuka mkono wa mama mkwe kwenye meza, nikaogopa sana. Nikauliza kama nami nitakuwa vile. Kasema si lazima, limeonekana mapema, na dawa yake ni mazoezi. Kaandika barua: asibebe mizigo mizito, asikae muda mrefu, atembee.

Jumamosi, 8 Machi
Msimamizi kaifuata barua neno kwa neno. Mizigo nimeondolewa. Sasa natembeza hati kutoka ofisini hadi mlangoni, safari thelathini kwa siku. Mlangoni anazipokea Mjuaji, kakalia mto. Kila safari ananiuliza leo ni zamu ya goti lipi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kanisimamia mazoezi. Kukaa na kuinuka mara kumi, kanishinda. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia somo limeniingia.
Limeniingia kweli. Kosa langu lilikuwa kuchagua ugonjwa unaopigika picha. Kesho, safari ya nne, msimamizi akiwa karibu, nitashikwa na kizunguzungu pale mlangoni. Mwenye kizunguzungu hukalishwa kwenye kiti cha karibu.