Nimeiambia Kansa "Waitu"

Nakiri hadharani: sijui kuimba. Miaka zaidi ya thelathini nimewaambia watu kwamba kwaya ya usharika niliiacha mwenyewe, masomo yalinibana. Uongo. Mwalimu wa kwaya alininong'oneza, "Koku, wewe sogeza mdomo tu." Leo siri imetoka, na haikutoka peke yake.

Wengi wenu mnajua natibiwa kansa ya titi. Asiyejua ni mama yangu, kule Ijumbi. Yeye nilimwambia ni vidonda vya tumbo. (Kilemba cha kuficha upara nikamwambia ni mtindo. Msomi mzima wa chuo kikuu!) Ana presha, nikajiambia namlinda.

Kila wiki sisi wagonjwa saba tunakutana kwa mtandao na dada mmoja mtaalamu wa tiba ya muziki. Yeye huimba, sisi tunafuata tukiwa tumezima maikrofoni, maana sauti zikichelewana inakuwa vurugu. Tiba hii naipenda sana. Najiimbia nyumbani Rwamishenye, haumii mtu.

Leo asubuhi akabadilisha. "Chukueni wimbo mlioimbiwa utotoni, mwimbieni ugonjwa. Rekodini, mtume kwenye grupu."

Nikachukua ule ambao mama alikuwa akiimba akimenya ndizi. Nikafunga mlango wa jikoni: "Kansa ya titi, ondoka waitu. Dripu la nne laja, ondoka waitu." Nikalia kidogo. Nikatuma.

Sasa, grupu la tiba linaitwa Waimbaji. La ukoo linaitwa Waitu, neno hilohilo letu Wahaya la kubembeleza kwa heshima. Yamekaa juu na chini kwenye simu. Miwani ilikuwa chumbani.

Wa kwanza kujibu alikuwa kaka yangu Deo: "Dada, hii nini?"

Deo haumwi!

Nikakimbilia kufuta. Nikabonyeza "futa kwangu". (Ndiyo. Ukoo mzima wanao wimbo, mimi tu ndiye sina.) Na mama, ambaye maandishi ya simu humshinda, hapitwi na ujumbe wa sauti.

Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vidonda vya tumbo vinaendeleaje?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nimesikiliza mara tatu, Koku. Tangu siku ya kile kilemba nasubiri uniambie."

"Nisamehe. Niliogopa presha yako."

"Presha yangu inapanda nikidanganywa. Na hiyo kansa, unaiambia waitu kwa nini? Ni mgeni wako? Umeipa na punje za kahawa za kukaribishia wageni itafune?"

Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii. Halafu kicheko kikageuka kilio. Akaningoja nimalize.

"Dripu lini?"

"Alhamisi."

"Jumatano nakuja. Huo wimbo umeuharibu, nitaimba mimi. Wewe sogeza mdomo tu."